Mtu wa Kumrudisha Gwenda

Gwenda aliponipigia simu kuniomba nimpeleke kwenye kipimo cha utumbo, ilibidi nikiweke chini kikombe cha chai nisije nikaimwaga. Msidhani ni huruma. Ilikuwa furaha tupu. Mwaka mzima nilikuwa namvizia mwanamke yule, na sasa kajileta mwenyewe, tena ananibembeleza.

"Wifi," alisema, "wamekataa kunipokea bila mtu wa kunirudisha nyumbani. Na mwanangu Brenton yuko mbali, Perth, migodini."

"Na wenzako wa klabu?"

"Wana shughuli."

Wana shughuli! Nilijichekea moyoni. Pale kwenye klabu yetu ya kuviringisha mipira kwenye majani hakuna mwanamke ambaye Gwenda hajamchoma kwa ulimi wake. Huyu kanenepa, yule mume wake anatazama pembeni, mwingine keki yake kavu kama tofali. Sasa zamu yake ya kuvuliwa nguo na kuingizwa kamera nyuma imefika, na wote wana shughuli.

"Nitakupeleka, wifi," nikasema. "Tena kwa moyo mmoja."

Gwenda ni dada wa marehemu mume wangu, Merv. Siku ya harusi yetu alisimama mbele ya mama yangu mzazi, sahani ya kamba wa baharini mkononi, akasema kaka yake angeweza kupata bora kuliko mimi, ila alikuwa na haraka. Nikameza. Nikaendelea kumeza miaka yote ya ndoa, na Merv alipokufa nikamezea hata aliponipangia wimbo wa mazishi. Mtu huzoea. Lakini alichonifanyia mwaka jana kilikataa kupita kooni.

Kwetu huku Queensland, Australia, ukifika umri fulani serikali inakuletea kwa posta kiboksi cha kupimia choo. Unajichota mwenyewe kwa kijiti, unarudisha, unangoja. Changu kilionyesha damu, nikapelekwa kwenye kamera. Walikuta vinyama viwili, wakavikata, yakaisha. Aliyenirudisha nyumbani siku ile ni Gwenda.

Asiyewahi kuchomwa dawa ile hawezi kujua. Hulali kabisa, lakini haupo pia. Unazungumza kama mlevi, halafu baadaye hukumbuki neno hata moja. Na kwa kuwa daktari amekujaza upepo tumboni ili aone vizuri, upepo ule hauna pa kupita ila palepale. Gwenda alikuwa ameipachika simu yake mbele ya usukani, akanirekodi njia nzima. Tena akawa ananiuliza maswali.

Ijumaa ile, klabuni, baada ya bahati nasibu ya nyama, watu wakiwa bado na vifurushi vyao vya soseji mapajani, akaiunganisha simu na televisheni kubwa tunayotazamia ragbi. Nikajiona mimi, mdomo wazi, nywele kama kiota, nikisema, "Vaughan ana miguu mizuri jamani. Ile kaptura nyeupe! Natamani niishike ile miguu." Kisha nikajamba, sauti ndefu inayopanda na kushuka, nikacheka mwenyewe, nikarudia.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Vaughan Petrie alikuwa amesimama kaunta na bia yake. Huyu alikuwa mjane kama mimi, dereva mstaafu wa treni za miwa, mtu wa maneno machache. Miezi ile alikuwa ameanza kuniletea kaa wa matope, kawafunga kwa kamba vizuri, anawaacha kwenye ngazi zangu na kubisha mara moja tu. Nilimwona akigeuka mwekundu kuanzia kwenye kola hadi kipara. Akaweka bia chini, akatoka. Sikuletewa kaa tena. Akahamia klabu ya mji wa pili, na nasikia huko kuna mjane mwingine.

Mimi nikabaki na jina la Tarumbeta. Hata muuza nyama aliniita hivyo, kwa upole, akidhani nimelizoea.

"Utani tu, wifi," Gwenda aliniambia. "Mbona una moyo mwembamba hivyo?"

Kwa hiyo mpango wangu haukuwa mgumu. Dawa ileile, kiti kilekile, televisheni ileile. Nilitaka aketi kwenye ule ukumbi asikie anavyochekwa.

Siku ya kujisafisha nilikwenda kwake mapema, bila kualikwa. Alikuwa barazani, amejifunga kanga ya kuogea, jagi la dawa yake ya unga ya kusafisha tumbo liko mezani. Siku zilizotangulia alikuwa ameruhusiwa vyakula vyeupe tu, mkate mweupe, wali mweupe, visivyo na mbegu. Sasa ilikuwa maji matupu, supu iliyochujwa na jeli ya manjano. Nikavuta kiti, nikafungua mfuko, nikatoa pai ya nyama ya moto. Nikaimwagia tomato sosi taratibu.

Gwenda aliiangalia. "Hiyo ni pai?"

"Ya nyama na pilipili manga. Nimepita pale kwa muoka mikate, ndiyo kwanza inatoka jikoni."

"Shetani mkubwa wewe."

"Kunywa dawa yako, wifi. Gilasi moja kila robo saa, usizembee."

Alikunywa, akafumba macho, akatetemeka mabega. Najua ladha ile. Ni maji ya bahari yaliyokamuliwa limau na mtu asiyekupenda. Nikamaliza pai, nikajifuta, nikatoa bakuli la jeli nyekundu niliyoitengeneza makusudi kwa ajili ya siku hiyo.

"Nyekundu wewe huruhusiwi," nikamwambia. "Huko ndani daktari ataiona kama damu. Mimi naruhusiwa."

"Desley, nikimaliza haya mambo nitakunyonga kwa..."

Hakumaliza. Uso ulibadilika, akashika tumbo, akakimbia, ndara moja ikabaki barazani. Nikasikia mlango ukibamizwa, kisha nikasikia mengine. Niliinuka na bakuli langu, nikaenda kusimama nje ya mlango wa choo.

"Wifi! Imekuwa rangi gani?"

"Nenda zako!"

"Walisema lazima iwe kama mkojo. Unaona chini ya bakuli la choo?"

"Desley, nakuapia!"

"Bado kahawia, siyo? Basi bado una kazi."

Jamani, nilifurahi. Sitaki kuwadanganya. Nilikaa mchana mzima nikimhesabia gilasi, nikala kila nilichokuja nacho, na kila akirudi kutoka chooni alikuwa mdogo kidogo kuliko alivyokwenda. Mara ya mwisho alirudi akitembea miguu imeachana kwa jinsi alivyochubuka, akakaa juu ya mto, mweupe midomoni. Nikamtupia kopo la mafuta ya watoto nililokuja nalo. Hata mimi yalinisaidia siku yangu.

Akalishika kopo, akasema bila kuniangalia, "Ulipokuwa wewe, siku kama hii, ulikaa na nani?"

"Peke yangu."

"Hukuniita."

"Ungekuja?"

Alifikiri. "Hapana," akasema, tukacheka wote wawili, na mimi nikajikasirikia kwa kucheka.

Asubuhi nilimpeleka mjini pwani. Kliniki ilikuwa baridi kama bucha. Wakamvalisha lile gauni la kufungwa nyuma, ambalo hakuna aliyewahi kulifunga likafungika, na alipokuwa akielekea chumba cha ndani nikaona makalio ya Gwenda waziwazi, yamekunjamana na kusinyaa, yamepakwa mafuta ya watoto. Nikasikitika kwamba simu ilikuwa kwenye mkoba.

"Wewe ndiye utakayemrudisha?" nesi aliniuliza.

"Mimi."

"Leo asiendeshe gari, asitie saini kitu chochote, na asiachwe peke yake mpaka kesho. Utakaa naye?"

"Simwachi hata akinifukuza."

"Ana bahati," nesi akasema.

Nikakaa kusubiri, nikipanga maswali. Nitamuuliza kuhusu yule mwalimu wa dansi aliyekuwa akija kwake wakati mume wake yuko hai. Nitamuuliza anamwonaje kwa kweli mwenyekiti wa klabu, na mke wa mwenyekiti. Nitamuuliza ni miguu ya nani anayoitamani. Nilikuwa nimejaza chaji simu, nimenunua na kishikizo kipya cha kuibana mbele ya usukani.

Kisha nesi akaja kuniita. Alisema daktari angependa niwepo wakati anaongea na mgonjwa, kwa sababu wakitoka kwenye dawa ile wengi husikia na kusahau papo hapo, inafaa mwenzao asikie kwa niaba yao.

Gwenda alikuwa ameegemea mito, anakula sandwichi ya hemu kama mtu aliye pikiniki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Senaratne, mpole, anaongea polepole. Alisema amekuta uvimbe. Ni mkubwa, si wa kukatwa kwa kamera. Amechukua vipande vipelekwe maabara, lakini hataki kutuficha, kwa macho yake unaonekana ni saratani. Wiki hii hii apigwe picha, aonane na mpasuaji.

"Umenielewa, Gwenda?"

"Nimekuelewa, mpenzi," alisema Gwenda, akilamba siagi kidoleni. "Una mikono laini sana. Mungu akubariki. Kuna sandwichi nyingine?"

Daktari akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Na kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa neno moja: safi. Nilimwangalia akitafuna, nikamwona vile alivyosimama na sahani ya kamba mbele ya mama yangu, nikasema moyoni, safi, umepatikana. Nilikuwa nimekuja kuwinda ndege mdogo, nikapewa ng'ombe. Huyu hajui. Mimi najua. Na nina saa nzima ya barabara.

Tulipoingia garini nikabana simu mahali pake, nikabonyeza. Gwenda alijamba kabla hatujatoka kwenye maegesho, akacheka. Vizuri, nikawaza, mwanzo mzuri. Tukaiacha bahari nyuma, tukaingia kwenye miwa, imesimama mirefu pande zote mbili.

"Wifi," akasema, "kwani daktari kasemaje?"

Nilikuwa nimeyasahau maswali ya mwalimu wa dansi.

"Kakukuta na kansa," nikamwambia. "Kansa ya utumbo, Gwenda. Kubwa, wala haikatiki kwa kamera. Unaonaje? Huo nao ni utani?"

Niliposogeza macho kutoka barabarani nilimwona kajifunika uso kwa viganja vyote viwili, na machozi yanapita katikati ya vidole yanadondokea kwenye mkoba wake. Hakutoa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye kaburi la Merv. Roho yangu ilisuuzika. Nilihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa. Na simu ilikuwa inachukua kila kitu.

Mbele kidogo taa nyekundu zikawaka kwenye reli, tukasimama kungoja treni ya miwa. Mabehewa yakapita, yakapita, yale hayana mwisho. Gwenda akafuta uso, akavuta kamasi, akatazama nje. Kisha akanigeukia na uso mtulivu kabisa.

"Wifi, hivi daktari kasemaje?"

Nikamkodolea macho. Basi ndivyo inavyokuwa, nikawaza. Kalia, kasahau. Na sasa inabidi apigwe upya, na mkono wa kumpiga ni wangu.

Mtu mwenye chuki kamili angefurahi. Kisasi ambacho aliyelipizwa anakisahau, ukamlipiza tena kama mara ya kwanza! Lakini mdomo ulikuwa mzito. Nikazima injini kwa sababu treni ilikuwa ndefu, nikamwambia tu, kama ninavyowaambia ninyi. Kuna uvimbe, Gwenda. Daktari anadhani ni saratani. Wiki hii utapigwa picha, halafu mpasuaji. Sikuongeza kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, mdomo ukacheza-cheza. Akanishika goti, akalibana, halafu akaliachia. Behewa la mwisho likapita.

Tulikaribia kufika mjini kwetu, tumepita kiwanda cha sukari, aliponiuliza mara ya tatu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama mtoto anayetaka kujua kama tumefika.

"Kwani daktari kasema nini, wifi?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Kasema uko safi. Umejisafisha vizuri mpaka kakusifia."

"Kweli?"

"Kweli. Utatuzika wote."

Akageukia dirishani na hakusema neno tena mpaka nyumbani. Nilidhani amesinzia. Niliizima simu nikiwa nimejichukia, sijui kwa kumwambia au kwa kumficha.

Nilimpandisha ngazi, nikamkalisha jikoni, nikaweka chai, nikachoma mkate na kuupaka Vegemite, ile rojo nyeusi yenye chumvi. Nilipanga nimwambie tena akishapata nguvu, akili zikimrudi zote. Nilimwekea sahani. Hakuigusa.

"Mara ya kwanza ulifurahi," akasema.

Nilikuwa nimempa mgongo, nipo kwenye sinki. Nikafunga bomba.

"Nimesikia palepale kwa daktari," akaendelea. Sauti ilikuwa ya Gwenda, kavu, ya kila siku. "Neno lenyewe liliniondoa dawa yote. Sandwichi nilikuwa naitafuna tu, sijui hata ladha yake."

"Sasa kwa nini umeniuliza? Mara tatu, Gwenda!"

"Niliona umebana simu. Nikasema ngoja nimwone huyu ananichukia kiasi gani. Mara ya kwanza umenipiga kofi. Sawa. Ningekuwa mimi ningekupiga mawili. Nikalia, lakini nilisema, kumbe bado sisi ni walewale. Mara ya pili ukaniambia kama mtu mzima. Nayo sawa."

Niligeuka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na mikono ile ilikuwa ya bibi kizee, sikuwahi kuiona hivyo.

"Ya tatu umenihurumia," akasema. "Wewe, Desley! Wewe ukinihurumia, basi mimi nimekwisha. Daktari hakunitisha. Wewe ndiye umenitisha. Nimekaa pale dirishani nahesabu nani atakuja kunizika."

Maneno mazuri yapo, nilishayasikia kwenye mazishi ya kila mtu, na nilihisi yanakuja mdomoni, pole, Mungu yupo, madaktari wa siku hizi ni hodari. Nikamwangalia akiyangoja kama mtu anayengoja hukumu. Na hapo hasira ilinipanda, hasira ya kweli, ya kuanzia ile sahani ya kamba. Anitukane maisha yangu yote, anifukuzie mwanamume wangu mbele ya ukumbi mzima, halafu siku nimemshika mkononi ndiyo anataka kufa? Aniachie nani?

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka.

"Nisikilize wewe," nikamwambia. "Ijumaa, baada ya bahati nasibu ya nyama, naiweka kwenye televisheni kubwa. Yote, na ukijamba kwenye maegesho. Na wewe utakuwa kiti cha mbele."

"Sauti yako nayo imo humo. Wataiona roho yako ilivyo."

"Waione! Na Ijumaa hii kama uko hospitali, nitangoja ijayo. Ukikatwa utumbo, nitangoja upone mshono. Ukiwekwa dawa ukanyonyoka nywele, nitakununulia kofia uje nayo. Nitakupeleka mwenyewe kila mahali watakapokutaka, nitakunywesha kila uchafu watakaokupa, mpaka uweze kukaa kwenye kile kiti ukiwa na akili zako timamu, nikuaibishe hadharani kama ulivyoniaibisha. Sitaki uniponyoke kwa kufa, Gwenda. Umesikia? Siyo kabla sijamalizana na wewe."

Aliinua uso. Kidogo kidogo lile jicho lake likarudi, lile la kunipima viatu na kuona vimechakaa.

"Merv alioa mnyama," akasema.

"Ndiyo. Kula mkate."

"Umeuchoma sana. Hata mkate hujui kuchoma."

"Kula hivyo hivyo."

Akaukwangua weusi kwa kisu, akinisimanga, na akaanza kula.